Kengele Yenye Kikohozi

Sogeeni. Anayetafuna bisi atafune upesi amalize, maana hadithi ya leo ina kengele ndani yake, na kengele haisikiki penye meno yanayosaga. Nikiuliza "Inalia?" nyinyi mniitikie "Tunaisikia!" Inalia? Haya, twende.

Si zamani ya mababu hii. Ni zamani ya karibu, malori yalikwishafika na redio zilikwishaanza kuimba. Huko milimani Upare, katika kijiji cha Kirumo, walikuwako watu watatu waliopenda kufua chuma. Sikusema wahunzi. Huko kwetu mhunzi alikuwa mtu wa kuzaliwa: baba yake mhunzi, babu yake mhunzi, ukoo wake unajulikana hata kwa mtoto. Hawa watatu hawakuzaliwa hivyo. Kila mmoja alikuwa na kazi yake ya kumlisha, na chuma walikifua kwa kukipenda tu, kama mwingine anavyopenda bao. Watu wakawacheka, wakawaita "wafua vijiko."

Wa kwanza alikuwa Nambike, fundi cherehani. Kipaji chake kilikuwa sikio. Ukimpelekea cherehani mbovu haifungui kwanza. Anaizungusha gurudumu mara tatu, anainamisha kichwa, kisha anakwambia, "Jino la chini limelika, la pili kutoka kushoto." Ukifungua, ndilo hilo.

Wa pili alikuwa Kiure, mpika sambusa wa pale njia panda. Kipaji chake kilikuwa mikono. Sambusa zake zilikuwa na pembe tatu zilizokutana sawasawa, hazivuji tone la mafuta. Na chuma alikikunja vivyo hivyo. Bamba likipita mikononi mwake huoni lilipokutanishwa. Mkewe alikuwa akisema, "Mume wangu nikimwachia kanga kitandani, nitaikuta imekuwa sambusa."

Wa tatu alikuwa Senkondo, aliyeendesha lori miaka mingi mpaka mgongo ukamkatalia. Kipaji chake kilikuwa moto. Alipokaa kwenye mivukuto, ile mifuko ya ngozi ya kupulizia makaa, moto ulimtii kama mbwa anavyomtii mwenyewe. Aliujua kwa rangi, aliujua kwa harufu ya moshi. Lakini Senkondo alipenda kufua visu tu, na kisu kikitoka motoni lazima kizimwe majini ili kiwe kigumu. Basi mkono wake ulizoea. Kila kinachotoka motoni, pwaa! ndani ya maji. Wenzake walimtania kwamba siku moja atazima ugali.

Kila Jumamosi baada ya chakula walikutana kwenye kibanda nyuma ya nyumba ya Senkondo. Fuawe yao, yaani kile chuma cha kupondea juu yake, ilikuwa kipande cha reli alichotoka nacho bondeni enzi za lori lake. Wanatandika gunia chini, kila mtu anaweka alichofua wiki ile. Na walikuwa na sharti lao: kitu kinapita mkono kwa mkono, na hakuna kusifu mpaka kila mmoja ametaja kasoro yake kwanza.

Basi Jumamosi moja Nambike akaweka ndoano ya kung'olea tangawizi. Kiure akaweka koleo la kugeuzia sambusa. Senkondo akaweka nini? Kisu.

"Kisu tena!" akasema Kiure. "Kaka, nyumbani kwako mnakata nini kila siku? Milima?"

"Taja kasoro, usilete mdomo," akasema Senkondo.

Nambike akakigonga kile kisu kwa kucha, ting! akainamisha kichwa. "Hiki umekizima haraka mno. Kina ufa karibu na mpini. Huuoni, lakini upo."

"Haupo."

"Kigonge kwenye reli."

Senkondo akakigonga kwenye reli. Kikavunjika papo hapo, karibu na mpini. Kiure alicheka mpaka akakaa chini.

Wakiwa katika kicheko hicho wakasikia fimbo inapapasa mlangoni. Alikuwa Mama Nakijwa, mjane wa huko juu karibu na msitu. Macho yake yalikuwa na mtoto wa jicho, yote mawili. Mchana aliona mwanga na kivuli, basi.

"Hodi wafua vijiko!"

"Karibu mama. Shikamoo."

"Marahaba wanangu. Nimefuata mlio wa kitu kinachovunjika. Nikasema, hapo ndipo penyewe."

Wakampa kigoda na kikombe cha chai ya tangawizi. Akanywa mafunda mawili, akasema shida yake.

Mama Nakijwa alikuwa na ng'ombe kumi na mmoja. Anayewaongoza ni jike mmoja mzee aitwaye Mabaka, na shingoni mwa Mabaka kulikuwa na kengele ya chuma, iliyofuliwa na mhunzi wa ukoo, marehemu sasa. Huko juu ukungu unashuka mchana mweupe, hata mkono wako huuoni. Lakini Mabaka anatembea, kengele inalia, ng'ombe kumi wanaifuata, na Mama Nakijwa naye anaifuata. Yule mama alikuwa akichunga kwa masikio.

"Wiki tatu zilizopita mkanda ulikatika," akasema. "Kengele ikaanguka korongoni, kwenye maji yale yaendayo kasi. Imekwenda. Tangu siku hiyo ng'ombe wangu hawana kichwa. Ukungu ukishuka kila mmoja anakwenda kwake. Wawili nimewapata shambani kwa watu. Mmoja alilala msituni siku mbili."

"Dukani zipo kengele, mama," akasema Nambike.

"Nimenunua. Inalia kama ya shule. Nikamvisha Mabaka, akasimama kama amefungwa kwenye nguzo. Wenzake walimtazama wakaondoka zao."

Kisha akasema lile lililomleta. "Shemeji yangu Mbonea amesema hawezi kuangalia mali ya marehemu kaka yake ikipotea msituni. Jumamosi ijayo anakuja na kamba. Atawateremsha ng'ombe bondeni kwake, na mimi niwafuate nikakae uani kwake. Si mtu mbaya. Chakula atanipa. Lakini wanangu, mimi huko bondeni nitamfuata nani? Huku kila jiwe linanijua."

Watatu wakatazamana.

"Mama," akasema Senkondo, "sisi hatujawahi kufua kengele. Kengele ni ya ukoo."

"Ukoo uko wapi? Mzee amekufa, wanawe wako mjini wanauza redio. Nyinyi nifulieni. Ikifaa, mmoja wenu atapiga alama yake."

Ngojeni niwaambie jambo la alama. Kila kengele huko kwetu ilipigwa alama moja ya aliyeifua, ndani ya mdomo wake. Alama ni moja, kama kitovu. Kengele isiyo na alama haivalishwi ng'ombe, ila kwa kujaribu tu. Watu wanasema ni ya wizi, au ni yatima. Na mtu mwenye alama kwenye kengele huyo ndiye mhunzi, hakuna tena wa kumwita mfua vijiko. Harusini anawekewa kigoda chake, na akifa jina lake linaendelea kulia mlimani. Wala hakuna mtu asiyezaliwa katika ukoo ule aliyewahi kuwa na alama. Hata mmoja.

Mama Nakijwa alipokwisha kuondoka, Kiure akasema, kama utani, "Mimi yangu itakuwa pembe tatu."

"Yangu tundu la sindano," akasema Nambike.

"Yangu gurudumu," akasema Senkondo. Na wote walikuwa wameshazifikiria zamani, ndiyo maana majibu yalikuwa tayari.

Inalia?

Basi wakaacha kazi zao. Njia panda watu wakakosa sambusa. Jumatatu Kiure akachukua madigadi ya lori bovu, lile bati la juu ya gurudumu, akakata bamba, akalikunja. Alilikunja pole pole, nyundo inagusa kama anayepapasa mtoto, akaunganisha pembeni kwa ribiti ndogo ndogo, vile vijisumari vya kubania mabamba. Umbo likatoka safi, mabega mapana, mdomo umebanwa kidogo.

Lakini chuma kitupu kilichokunjwa kinalia kama debe. Kengele ya kwetu inanyweshwa shaba. Wakavunja kufuli kuukuu la shaba ya njano, wakapanga vipande juu ya kengele, wakaifunika yote kwa udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na samadi, mpaka ikawa donge kubwa kama kiazi kikuu. Donge likaingia motoni. Sasa ndani ya udongo huoni kitu. Ukilitoa mapema shaba haijayeyuka; ukichelewa chuma kinaungua. Hapo Senkondo akakaa kwenye mivukuto mpaka jioni, haongei na mtu, ananusa. Ghafla moshi ukatoka kwenye ufa wa udongo, mweupe, na ulimi wa moto ukawa na rangi kama jani bichi. "Sasa!" akasema. Wakalitoa. Wakalizika kwenye majivu lipoe taratibu, maana hivyo ndivyo Mama Nakijwa alivyomsikia yule mhunzi akisema: kengele hainywi maji.

Jumanne wakapasua udongo. Jamani, ilikuwa nzuri! Shaba imeenea kila mkunjo. Wakaitia ulimi wa kuigonga kwa ndani, wakaitikisa. Ikalia kama ya kanisa.

"Kasoro?" akauliza Kiure, kifua mbele.

"Sina," akasema Senkondo.

Nambike akainamisha kichwa, akaigonga tena.

Wakaipeleka juu, wakamvisha Mabaka. Mabaka akapiga hatua mbili, kengele ikaimba, akasimama. Akageuza kichwa kuangalia ni nani anayemfuata. Ndama mmoja akakimbia. Ukungu uliposhuka ng'ombe wakatawanyika kama siku zote, na hao watatu wakazunguka porini hadi jioni kuwakusanya, Kiure amepoteza kiatu kimoja.

"Ng'ombe wako ni washamba, mama," akasema akichomoa miba mguuni.

"Ng'ombe wangu hawajasoma," akajibu Mama Nakijwa, "lakini wanamjua mtu wao."

Jumatano Nambike akapanda peke yake. Hakubeba nyundo. Alibeba kikapu, na ndani yake kila kitu kinacholia nyumbani kwake: vifuniko, sufuria, majembe mawili, bilauri ya bati. Akamwambia Mama Nakijwa, "Mama, iliaje ile ya zamani? Niigizie."

"Mimi? Nitaweza wapi?"

"Kwa mdomo. Nani yupo hapa wa kukucheka?"

Yule mama akafumba macho yake yasiyoona, akatafuta, akasema, "Koo-hrr. Koo-hrr."

"Hiyo hrr ni ya kengele au ni ya koo lako?"

"Ni ya kengele! Ilikuwa na kikohozi. Marehemu mume wangu alikuwa anasema, kengele yetu imeshikwa na mafua."

Nambike akakaa kwenye ua wa ng'ombe, akaanza kugonga. Kifuniko: Mabaka anacheua. Jembe: anacheua. Akagonga vyote, asubuhi yote. Mwishoni akagonga sufuria moja iliyopasuka pembeni, aliyokuwa akipikia makande kabla haijaanza kuvuja. Koo-hrr. Mabaka akaacha kucheua. Akainua kichwa, masikio mbele, akaja mpaka kwenye ua, akaweka pua yake juu ya mkono wa Nambike.

Nambike alishuka mlima anakimbia na sufuria kichwani.

"Ilikuwa na ufa!" akawaambia wenzake. "Ile ya zamani ilikuwa na ufa mwembamba, na sauti yake nene kuliko hii. Ng'ombe wanaujua ufa!"

"Ufa?" Kiure akasimama. "Nifue kitu kizima halafu nikipasue? Dada, kwetu sambusa iliyopasuka inakwenda kwa mbwa."

Wakabishana, mwisho akakubali, wakachukua kengele ile nzuri wakaikata kidogo kwa msumeno mdomoni. Ikanyamaza. Haikuwa na kikohozi wala wimbo. Ikawa debe. Ufa wa msumeno ni mpana, sauti inaanguka ndani yake kama mbuzi shimoni. Kiure aliitazama kazi yake ile, akatoka nje, akakaa huko muda.

Aliporudi akasema, "Leteni madigadi ya upande wa pili."

Alhamisi akafua nyingine. Safari hii Nambike alikaa pembeni, kila baada ya mikunjo kadhaa anagonga na kusema, "Nene zaidi. Tumbo lishuke. Mdomo ule bamba lake liwe jembamba." Na Kiure anafanya. Kuna mahali alikunja na kukunjua mara saba. Vidole vyake viliota malengelenge, akavifunga vitambaa, akaendelea. Nambike hakugusa chuma hata mara moja.

"Na ufa?" akauliza Senkondo.

"Ufa tutajua kesho," akasema Nambike, lakini hakujua kitu.

Ijumaa donge la udongo likaingia motoni. Makaa yalikuwa ya mwisho, tena yenye unyevu, na upepo wa mlimani ulikuwa unageuka geuka. Mtu mwingine angeshindwa. Senkondo alipuliza tangu asubuhi mpaka jua likaegemea upande, mgongo ule mbovu unamlia, jasho limemfumba macho. Kengele ile ingeungua mara mbili, mara mbili akauzuia moto. Ulimi wa kijani ukatokea. "Sasa!" Akalichukua donge kwa koleo, jekundu kama jua la kuzama, akageuka.

Majivu yalikuwa kushoto. Pipa la maji lilikuwa kulia.

Mkono ukaenda ulipozoea.

Pwaaaa!

Mvuke ulijaza kibanda. Ulipotoka, Senkondo alikuwa amesimama na koleo tupu, mdomo wazi. Kiure alikuwa ameshika kichwa kwa mikono yake yenye vitambaa.

"Senkondo! Umenizimia kengele! Umeizima kama kisu!"

"Ndugu yangu, mkono..."

"Mkono! Uukate huo mkono kwa mojawapo ya visu vyako!"

"Nyamazeni," akasema Nambike.

"Nyamaza wewe, uliyeketi wiki nzima!"

"Nyamazeni, nisikie!"

Akatumbukiza mkono majini, akalitoa donge, udongo ukamwagika wenyewe. Shaba ilikuwa nzuri. Lakini kwenye mdomo, pale bamba lilipokuwa jembamba, palikuwa na mstari mwembamba kuliko uzi, mrefu kama kucha. Nambike akaigonga kengele kwa kidole kilichokunjwa.

Koo-hrr.

Akagonga tena. Koo-hrr. Kengele ilikuwa na mafua.

Jumamosi asubuhi Mbonea akafika na kamba, na watu wa Kirumo nao wakapanda kuangalia, maana habari hailali. Ukungu ulikuwa mzito, ng'ombe wamekwishatawanyika tangu alfajiri, ni Mabaka tu aliyekuwa uani.

"Shemeji," akasema Mbonea kwa upole, "si unaona mwenyewe?"

"Mimi sioni, Mbonea. Ngoja tusikie."

Akamvisha Mabaka kengele kwa mikono yake, akafunga mkanda. Mabaka akatikisa shingo. Koo-hrr. Akasimama. Akatikisa tena, kama mtu anayeitwa jina lake na hajaamini. Kisha akaanza kutembea. Koo-hrr, koo-hrr, akaingia ndani ya ukungu na kupotea, na Mama Nakijwa nyuma yake, bila fimbo.

Watu wakabaki wanasikia tu. Kengele ikaenda kushoto. Ikashuka. Mahali fulani huko ng'ombe akalia, mwingine akamjibu. Kikohozi kikapanda upande wa msitu, kikazunguka, kikaanza kurudi, na nyuma yake sasa kwato, kwato, kwato. Mabaka akatokea kwenye ukungu, na wenzake nyuma yake wamefuatana. Mama Nakijwa akasimama mlangoni mwa ua akawagusa migongo wakipita. "Saba... nane... tisa... kumi. Na wewe mama yao, kumi na mmoja."

Mbonea alikunja kamba yake, akaivaa begani. Akasema, "Shemeji, nitakuja sikukuu, ninywe maziwa." Akaondoka.

Vigelegele! Na vilipopoa, Mama Nakijwa akamvua Mabaka kengele, akaingia ndani, akatoka na nyundo na tindo, chuma kile chenye ncha cha kupigia alama. Akasema, "Nilisema mmoja wenu. Ni nani?"

Kiure akasogea. "Mama, kengele ni chuma kilichokunjwa. Nani alikunja? Tazama vidole hivi. Huyu amekaa, huyu amekosea, mimi nimefua. Mbili nimefua!"

"Na ya kwanza ilifukuza ndama," akasema Nambike. "Kaka Kiure, mikono yako siidharau. Lakini bila sikio langu ungekunja kengele mia za kanisa, na leo mama angekuwa anateremka na kamba. Mimi ndiye niliyejua tunatafuta nini. Hata ufa ule nilisema uwepo kabla haujakuwepo."

"Kusema! Kasuku naye anasema."

Senkondo alikuwa nyuma, anaangalia chini. Mtu mmoja katika watu akamsukuma. "Sema na wewe."

Akasema polepole, "Mimi moto nimeukalia mara mbili, hakuna kengele iliyoungua. Lakini hilo acha. Kilichowaita ng'ombe ni kikohozi. Kikohozi ni ufa. Wewe Kiure ulikataa kuupasua, wewe Nambike hukujua utatoka wapi, msumeno ulishindwa. Basi, ule ufa ni wa nani?"

"Wa bahati mbaya!" akapiga kelele Kiure. "Aliyekosea hapewi zawadi. Basi na anayemwaga uji apewe bakuli!"

"Kosa moja haliachi mke," akasema mzee mmoja.

"Lakini haliozeshi vilevile!" akajibu mwingine, na watu wakacheka, wakagawanyika mafungu matatu pale pale.

"Wapige wote watatu," akasema mama mmoja aliyechoka kusimama.

Nambike akatikisa kichwa. Akaichukua kengele, akaigonga kwa ukucha, akasikiliza muda mrefu. "Haiwezekani. Ufa ule umesimama, lakini uko karibu kabisa kuendelea. Pigo moja itavumilia, tena upande wa pili wa mdomo. Pigo la pili, ufa utakimbia mpaka juu, na sauti imekwisha." Na alilisema hilo akijua kwamba pigo hilo moja huenda lisiwe lake.

"Basi iachwe bila alama," akasema mwingine.

"Yatima simvishi ng'ombe wangu," akasema Mama Nakijwa. "Na nitakapokufa, watu wakisikia kengele hii waulize, ni ya nani? Lazima pawe na wa kujibu. Mmoja."

Basi kengele ikawekwa juu ya jiwe, imelala ubavu. Mabaka amesimama hapo, shingo tupu, anapumua. Watatu hao mbele ya jiwe. Mama Nakijwa ameishika nyundo penye chuma chake, ameuelekeza mpini mbele, na kwa kuwa haoni, hajui mpini umemwelekea nani.

Sasa nisikilizeni nyinyi mliokula bisi zangu. Ukisema Kiure, nitakuuliza: mfinyanzi aliyefinyanga asichoelewa, chungu ni chake? Ukisema Nambike, nitakuuliza: mtu ambaye hakuinua nyundo hata mara moja ataitwaje mhunzi? Ukisema Senkondo, nitakuuliza: mkono ukikosea ukapatia, tumshukuru mwenye mkono, au tuushukuru mkono? Na usiniambie alama ipewe ng'ombe. Mjukuu wangu mmoja alisema hivyo nikamnyima chai.

Mama yule anasubiri, mkono umeanza kuchoka. Pigo ni moja tu.

Je, wewe ungemgeuzia nani ule mpini?